Serafia na Nguzo za Torskär

Watu wa Torskär walikuwa wakisema kwamba Serafia Mattsdotter alizaliwa ulimi ukitangulia kichwa. Kisiwa kilikuwa na nyumba chache tu, zilizojibanza upande usiopigwa na upepo, na hapakuwa na nyumba ambayo neno lake moja halikubaki ukutani kama masizi ya jiko. Mchungaji aliyehubiri mpaka watu wakaota ndoto alimpa jina la Bwana Blanketi. Siku mtoza ushuru alipoteleza gatini akaanguka majini na koti lake la vifungo vya shaba, wanaume walikimbia kumvuta. Serafia akasimama na ndoo yake ya maziwa akasema, "Mwacheni kidogo. Leo bahari nayo inatoza ushuru." Hata mtoza ushuru mwenyewe alicheka, baada ya kukaushwa na kupewa kahawa.

Mumewe Jakob alikuwa mtu mkimya, mpana wa mabega, na kicheko chake kilikuwa cha kuchelewa. Neno alilolisikia asubuhi alilicheka jioni, amekaa ukingoni mwa kitanda anavua viatu. "Umefika?" Serafia humwuliza. "Nimefika," hujibu Jakob, huku anapangusa machozi. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, lakini nyumba yao haikuwa kimya.

Kaka yake Serafia, Efraim, ndiye aliyekuwa rubani wa kisiwa, kama baba yao kabla yake. Kazi yake ilikuwa kupanda kwenye meli za wageni na kuzipitisha katikati ya visiwa na miamba mpaka bandarini. Na kila mwaka barafu ikishaondoka, ilikuwa kazi yake kusimamisha nguzo: miti mirefu ya misonobari iliyofungiwa mawe chini ili isimame wima majini, kileleni ikiwa na ufagio wa matawi, kuonyesha njia ya maji marefu. Nguzo zile ndizo zilizokuwa barabara ya kisiwa. Mtu akitoka Stockholm na mashua yake, akiiona ya kwanza, alishajihesabu yuko nyumbani.

Bahari yenyewe haikuwahi kukaa na mwenyewe mmoja. Upande mmoja Waswidi, upande wa pili Warusi, na kila mfalme aliyepata mbao na misumari ya kutosha aliunda manowari akaja kuitafuta. Bibi yake Serafia alisimuliwa na bibi yake habari za majahazi ya makasia yaliyokuja kuchoma kila nyumba, watu wakajificha misituni na ng'ombe wamefungwa midomo. Baba yao, akiwa mtoto, aliona mashua za mizinga za mfalme wa Uswidi zikija kuchukua wanaume wa kupiga makasia, na wawili wa Torskär hawakurudi. Baadaye nchi ikapita mikononi mwa Warusi, wakawa watu wa Kaisari, wakalipa kodi kwa lugha nyingine. Kila kizazi kilipata manowari zake, kama watoto wanavyopata surua.

Zamu ya kizazi cha Serafia ilifika mwaka 1854. Ugomvi ulianzia mbali, kwa Waturuki, lakini Waingereza na Wafaransa walipoamua kumpiga Kaisari wa Urusi, walimtafuta kila mahali alipokuwa na pwani.

Jakob hakuwepo habari zilipofika. Barafu ilipoondoka tu, yeye na jirani yake Isak walipakia mashua kuni na mapipa ya samaki waliobaki, wakaenda kuuza Stockholm kama kila mwaka, warudi na chumvi na nafaka. Serafia alimsindikiza gatini.

"Usininunulie kitambaa chekundu," alimwambia. "Mwaka jana ng'ombe alinifukuza."

Jakob alitikisa kichwa akapandisha tanga. Serafia alijua kwamba neno hilo lingemfikia katikati ya bahari.

Hata wiki haikupita, akaja luteni kijana wa Kaisari na amri. Taa zote za pwani zizimwe. Mnara wa mbao ulio juu ya kilima uchomwe. Nguzo zote zing'olewe, adui asipate njia. Alisoma amri yake, akanywa kahawa, akaondoka kwenda kisiwa kingine.

Jioni ile wanaume walikusanyika jikoni kwa Efraim. Serafia alikuwa pale, anasaidia kumimina kahawa.

"Nguzo hizi nimezisimamisha na marehemu baba," alisema Efraim. "Leo niambiwe nizing'oe kwa mkono wangu! Si nitakuwa kama mtu anayejitoboa macho?"

"Amri ni amri," alisema mmoja wao.

"Najua ni amri. Sikuuliza ni nini."

Serafia hakuwa mtu wa kuacha ukimya ukae bure.

"Kwani lazima zing'olewe?" alisema. "Mtu akitaka kumkomesha mwizi haondoi ngazi. Anaihamisha, anaiegemeza kisimani. Zisogezeni tu mpaka kwenye Mgongo. Mwingereza atazifuata kama ndama anavyofuata ndoo, na asubuhi tutamkuta amekaa juu ya mwamba na mizinga yake yote, anatuomba maziwa."

Jiko zima lililipuka kwa kicheko. Mgongo ulikuwa mwamba mrefu upande wa magharibi wa kisiwa, uliolala chini kidogo tu ya maji. Siku ya utulivu huwezi kuuona. Siku ya mawimbi maji hupauka juu yake, basi. Wanaume walianza kugonganisha vikombe na kupangiana nani atavaa kofia ya amirali.

Efraim peke yake hakucheka. "Rubani hahamishi nguzo," alisema.

"Wala hazing'oi. Na kesho unakwenda kuzing'oa."

"Kung'oa ni kunyamaza, Serafia. Kuhamisha ni kusema uongo."

"Basi mwongo niwe mimi," alijibu Serafia. "Wewe utabeba mawe tu."

Wakacheka tena, na safari hii Efraim naye akashindwa kujizuia. Dada yake alikuwa hajawahi kushindwa katika jiko lile, tangu wakiwa wadogo wanagombea utando wa maziwa.

Walitumia siku tatu. Mnara waliuchoma kama walivyoamriwa, na moshi wake ukaonekana mbali. Lakini nguzo, moja baada ya nyingine, walizivuta na mawe yake, wakazisimamisha upya katika mstari mzuri ulionyooka, unaopita katikati kabisa ya Mgongo. Serafia alikuwa ndani ya mashua. Yeye ndiye aliyefunga mafagio mapya, manene, yaonekane vizuri. Ilikuwa kama maandalizi ya harusi. Walikula mkate mweusi na samaki wa moshi juu ya maji, na aliyepita karibu aliwasikia wanaimba.

"Akili ya Serafia," watu walisema msimu ule wote. "Kaisari angekuwa na wanawake watatu kama huyu, vita vingekwisha."

Manowari zilikuja kabla ya katikati ya kiangazi. Kwanza moshi, kisha milingoti, nyingine zina magurudumu ubavuni yanayochapa maji. Kisiwa kizima kilipanda kilimani, kikalala kifudifudi nyasini. Mtoto alipiga chafya akazibwa mdomo na mikono minne.

Manowari hazikuja haraka. Mbele yake zilitangulia mashua ndogo zenye mabaharia, na katika kila mashua mtu mmoja alikuwa anatumbukiza bildi, kamba yenye uzito mwishoni, anapima kina, anapaza sauti, anaitumbukiza tena. Walikwenda hivyo, kama vipofu wenye fimbo, wakaupitia Mgongo kwa mbali, wakazunguka upande wa kusini na kupotea nyuma ya visiwa. Hakuna aliyekaa juu ya mwamba. Hakuna aliyeomba maziwa.

"Labda hawakuziona," alisema Serafia.

"Nguzo na mafagio yako yale?" alisema Efraim. "Hata mimi huku nimeziona."

Watu wakateremka kilimani wanajikung'uta majani. Kulikuwa na nyasi za kukata.

Mwezi wa nane walisikia ngurumo kutoka kaskazini siku kadhaa mfululizo, na vioo vya madirisha vikalia. Ngome kubwa ya Kaisari ilikuwa imepigwa, ikaanguka. Kisha manowari zikaanza kuondoka, mojamoja, kabla ya baridi. Mwezi wa tisa mvuvi mmoja Mswidi alipita akaleta salamu za Jakob kwa mdomo: yeye na Isak walishindwa kurudi kwa sababu ya manowari, wamepata kazi ya kupakua magogo, watakaa huko mpaka barafu ya mwaka kesho iondoke. Serafia alichukia, akafurahi, akachukia tena. Alimtuma yule mvuvi amwambie mumewe kwamba kitanda kimepanuka.

Jumapili moja baada ya sala, Efraim alikuja kwake amevaa koti lake jeusi, hataki kukaa.

"Nataka kwenda kuzitoa zile nguzo."

"Leo?"

"Kesho. Nipatie mikono miwili, mitatu. Mawe yale peke yangu siyawezi."

Serafia alikuwa anatengeneza nyavu. Heringi walikuwa wameingia karibu na ufuko, wamejaa kama majani, na kila mwenye mkono kisiwani alikuwa amelala masaa machache tu. "Kesho?" alisema. "Kaka, samaki hawa hawana subira. Wiki mbili watakuwa wameondoka. Nguzo zitakwenda wapi?"

"Mtu anaweza kupita."

"Nani? Kila mtu wa huku anajua. Wa kwetu wako Stockholm mpaka mwaka kesho. Atakayepita ni Mwingereza aliyechelewa kufunga virago, na huyo nitamkaribisha mwenyewe."

Efraim alisimama kidogo, anazungusha kofia mikononi. "Baada ya heringi, basi," alisema.

"Baada ya heringi."

Heringi walikuwa wengi kuliko miaka mingi iliyopita. Waliwatoa matumbo, wakawapanga kwenye mapipa na chumvi kidogo iliyobaki, na chumvi ikaisha. Vita vilikuwa vimeifunga bahari. Chumvi haikupatikana hata kwa matajiri wa mjini. Wanawake walisimama mbele ya marundo ya samaki wanaong'aa, hawajui wafanye nini. Na habari ya kwamba kule visiwani watu wanalia chumvi ilifika Stockholm, ikamfikia Jakob.

Theluji ya kwanza ilianguka mwishoni mwa mwezi wa kumi, theluji nzito isiyo na upepo mkubwa, inayoziba kila kitu. Ilikuwa alasiri. Serafia alikuwa zizini. Alimwona Efraim akikimbia kuelekea gatini bila kofia, akamfuata. Kutoka baharini, ndani ya weupe ule, kulikuwa na sauti ya mtu. Haikuwa inasema neno. Ilikuwa inaita tu.

"Rudi ndani," alisema Efraim, anaingia kwenye mashua na watu wawili.

"Ni nani?"

"Rudi ndani, dada."

Hakurudi. Alisimama gatini mpaka theluji ikamfunika mabega. Waliporudi walikuwa na Isak, amelala chini kati ya miguu yao, mikono bado imejikunja mbele ya kifua kama inakumbatia kitu. Walimkuta ameikumbatia nguzo. Efraim alilazimika kumfungua kidole kimoja kimoja.

Serafia aliangalia ndani ya mashua, akaangalia nyuma ya mashua, akamwangalia kaka yake. Efraim akatikisa kichwa.

Isak aliweza kusema siku ya pili, na alisema yote kwa Serafia mwenyewe, maana alimwuliza mwenyewe. Walisikia habari ya chumvi, alisema. Jakob hakutaka kungoja mwaka kesho. Walinunua magunia ya chumvi, wakashindana mbio na theluji, lakini theluji ikawapata karibu na nyumbani.

"Hatukuona kisiwa, hatukuona hata kilima. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Yeye alisimama mbele, ameshika kamba. Nikamwambia tushushe tanga tungoje. Mara akapiga kelele, 'Ile pale! Nguzo ya shemeji! Tumefika, Isak, shika hivyo hivyo.' Kisha ya pili, kisha ya tatu. Zilikuwa zinatoka kwenye theluji mojamoja kama watu wanatupokea. Alikuwa anacheka, Serafia."

"Anacheka nini?"

"Alisema tukifika utatuuliza kama tumelipa ushuru."

Serafia hakulia mbele yake. Alimfunika blanketi vizuri, akatoka, akakaa zizini kwa ng'ombe.

Siku zilizofuata wanaume walikwenda kwenye Mgongo na kulabu. Mashua ilikuwa imepasuka chini, imelala ubavu. Magunia yalikuwamo yote, yamefungwa kwa fundo la Jakob, na ndani hamna kitu. Yalitoka majini yamelegea kama ngozi za wanyama. Bahari ilikuwa imeinywa chumvi yote. Wale heringi waliobaki bila chumvi waliharibika; wengine walikaushwa, wengine walipewa nguruwe. Nguzo zilitolewa siku zilezile, na Efraim alizikata vipande, akazichoma ufukoni, akamkataza mtu yeyote asiote moto ule.

Jakob alionekana wiki moja baadaye kwenye matete, akazikwa kwenye kisiwa chenye kanisa kabla maji hayajafungwa na barafu. Bwana Blanketi alihubiri kwa ufupi. Alisema ni vita vilivyomwua. Watu wakaitikia.

Njiani kurudi, katika mashua, ndugu wawili waligombana, kwa sauti ya chini, wapiga makasia wanasikia na wanajifanya hawasikii.

"Nimemwua shemeji yangu," alisema Efraim. "Mimi ndiye rubani. Mkono wangu ndio ulioweka mawe."

"Neno lilikuwa langu."

"Neno ni upepo. Mimi ningekataa."

"Ulikataa, nikakuchekesha. Ulitaka kuzitoa, nikakwambia samaki. Mara mbili, Efraim."

"Nyamaza. Una msiba. Huu mzigo niachie."

"Usiniibie!" alisema Serafia, na sasa mashua nzima ilimsikia. "Maisha yangu yote mnasema akili ya Serafia, akili ya Serafia. Hii nayo ni akili ya Serafia. Usije ukanichukulia."



Hakuna mtu wa Torskär aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomchosha. Walikuwa wamecheka wote, wamebeba mawe wote, wamevua heringi wote. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, akakificha, na kwa kuwa kila mmoja alificha chake, hapakuwa na wa kumwambia neno. Walimletea maziwa. Walimkatia kuni. Walipokaa jikoni kwa Efraim na mtu akasema jambo la kipuuzi linalosubiri jibu, wote walimgeukia, kwa mazoea, na yeye akaendelea kufuma soksi. Ilikuwa kama kungoja saa ya ukutani ipige, nayo imeharibika. Ulimi hauna mfupa, ndiyo, lakini wake aliutia mfupa kwa nguvu zake mwenyewe, na watoto waliozaliwa baada ya vita walimjua kama mama mmoja asiyesema sana.

Isak alipoteza vidole vya mguu mmoja kwa baridi. Kila majira ya baridi alikuja kumtengenezea nyavu na kumkalia jikoni. Alikuwa mjane, mtu mwema, na mwaka wa tatu alisema lililomleta.

"Tungekaa pamoja, Serafia. Jiko moja, moto mmoja. Jakob asingekasirika."

"Najua asingekasirika."

"Basi?"

"Nikikuangalia nakuona umeshika usukani, na yeye amesimama mbele. Kila siku ningemwona amesimama mbele. Kunywa kahawa yako."

Isak alikunywa kahawa yake. Majira yale ya kuchipua alihamia bara, kwenye kiwanda cha kusokota kamba, akaoa huko. Serafia aliposikia alisema vizuri, amepata. Lakini jioni zile za baridi, moto ukivuma peke yake, alijua kwamba mwamba ule ulikuwa umemnyang'anya mwanamume wa pili, na huyu wa pili alimkabidhi mwenyewe.

Amani ilikuwa imeshakuja. Meli za Waingereza zilirudi, zenye bendera zilezile, sasa zinanunua mbao na lami kwa watu zilizokuwa zikiwachomea maghala. Kisiwani walikuwa wamesimamisha nguzo mahali pake pa haki. Siku moja meli ya mbao ilitia nanga karibu na Torskär kungoja upepo, na baharia mmoja mwenye ndevu nyekundu akaja ufukoni kununua maziwa na mayai. Efraim, aliyekuwa amejifunza Kiingereza cha melini, alimleta kwa dada yake.

Yule mtu alikuwa mchangamfu. Alimbembeleza ng'ombe. Alionyesha bahari kwa kidole, akasema mengi.

"Anasemaje?" aliuliza Serafia.

"Anasema anapajua hapa. Alikuwa kwenye manowari mwaka ule. Alikuwa kwenye mashua za mbele, anapima kina."

Serafia aliweka chini kikapu cha mayai. "Mwulize kama aliziona nguzo."

"Dada."

"Mwulize."

Efraim akauliza. Baharia akafikiri, kisha uso ukamkunjuka. Akacheka, akapiga paja, akasema maneno marefu, akachora hewani mstari mnyoofu, akacheka tena.

"Anasema waliziogopa," alisema Efraim. "Waliziona wakaogopa, ndiyo maana wakazunguka mbali. Anasema zilikuwa mtego mzuri."

Masikio ya Efraim yalikuwa yamewiva kama nyanya. Serafia alimtazama, akamtazama baharia aliyekuwa bado anatabasamu, akingoja kuchekewa.

"Aliyeogopa hacheki hivyo," alisema. "Niambie alivyosema."

"Serafia, ya nini?"

"Niambie, Efraim. Mbele yangu hujawahi kuuweza uongo."

Efraim alivua kofia. "Anasema siku ya kwanza kabisa, hata hawajaiona nchi, waliambiwa na wakubwa wao wasiamini mti wowote uliosimamishwa na mtu. Kila pwani yenye vita ni hivyo hivyo. Walipoziona walicheka. Walisema, hawa wanatuona watoto. Walizitumia kujua mwamba uko wapi."

Ng'ombe alikuwa anatafuna. Baharia, alipoona nyuso zao, alimwuliza Efraim jambo kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo tuliwaonyesha njia," alisema Serafia.

"Ndiyo."

"Na aliyeamini ni mmoja tu."

Aliyafunga mayai kwenye majani makavu yasivunjike, akampa yule mtu, akakataa malipo. Baharia alishika kofia yake kifuani, akasimama hajui aende au akae. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na umri wa Jakob.

Tangu siku hiyo Serafia alianza kwenda na kaka yake kila barafu ilipoondoka, kusimamisha nguzo. Hakufunga mafagio; kazi hiyo waliifanya wengine. Alikaa nyuma, akatumbukiza bildi yeye mwenyewe, akataja kina, na kama hakuridhika alisema turudie, hata mikono ya watu ikiwa imekufa ganzi. Walinung'unika, wakarudia. Efraim alipozeeka, uti wa mgongo ukakataa mawe, rubani mpya alishika kazi, na yule naye akamkuta bibi kizee amekaa nyuma ya mashua asiyetaka kushuka.

Serafia akiwa ameshazeeka, walikuja wapima ramani wa serikali, na mashua nyeupe na darubini. Walizunguka kisiwa kiangazi kizima wakiuliza majina: kilima hiki kinaitwaje, ghuba ile je. Serafia aliwapikia viazi na samaki. Mkubwa wao, mtu wa miwani na adabu, alitandaza karatasi yake mezani jioni moja amwonyeshe nchi yake inavyoonekana ikitazamwa kutoka juu.

"Na huu hapa magharibi," alisema, "ule mwamba hatari. Watu wote wametuambia unaitwa Jakob."

Serafia hakujua. Mbele yake hawakuwahi kuuita hivyo. "Unaitwa Mgongo," alisema.

"Wazee wawili walisema Mgongo. Wengine wote, Jakob. Hata watoto."

"Watoto hawamjui Jakob."

"Ndivyo yanavyokuwa majina, mama."

"Mwana, futa. Jakob alikuwa hajamdhuru mtu. Ukitaka jina la mtu, andika langu. Andika Serafia."

Mpima ramani alidhani bibi anafanya mzaha, maana alishaambiwa kwamba zamani alikuwa hodari wa mzaha. Akatabasamu kwa heshima, akasema wino umeshakauka na nakala imeshakwenda mjini. Kisha akamshukuru kwa viazi.

Serafia aliishi miaka mingine minane. Gati lilikuwa chini ya dirisha lake, na kiangazi madirisha hayafungwi. Vijana wakitoka na mashua, mama zao waliwapigia kelele kutoka mlangoni, kama mama yeyote wa pwani ile anavyofanya, bila kufikiri: vaa sweta, rudi kabla ya giza, jihadhari na Jakob.